Mashine ya Manubhai na risasi zilizokataa kulia

Selpha Obiero anafungua kufuli na kuusukuma mlango wa chuma, lakini haingii. Anasimama kizingitini na kubisha hodi kwenye chumba kisicho na mtu.

"Hodi, mzee," anasema. Anatega sikio kidogo, ndipo anapoingia.

Ni Jumamosi asubuhi, nje kidogo ya mji wa Thika. Mvua ya usiku imeacha ukungu ndani ya kuari hii kuukuu ya mawe, ambayo siku hizi ni uwanja wa klabu ya kulenga shabaha. Kuta za mawe zimeuzunguka uwanja pande tatu. Ukiita mtu hapa, sauti yako inakurudia ikiwa imebadilika kidogo, na walinzi wamezoea kuitana kwa mluzi badala ya majina.

Juu ya meza ya mbao ngumu ipo mashine ya kujaza upya maganda ya risasi za marisau, zile za bunduki za kulipulia visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Ni ya chuma cha kijivu, na umri wake unakaribiana na wa Selpha mwenyewe, aliye na miaka hamsini na sita. Mkono mrefu wa mashine, ambao jana jioni Selpha aliuacha juu, leo uko chini.

"Niliuacha juu," anasema bila kugeuka. "Labda ni springi imechoka. Labda."

Anaupandisha tena kwa upole, kama mtu anayemwinua mgonjwa, kisha anaanza kazi. Sahani ya mviringo chini ya mashine ina vituo vitano. Mkono ukivutwa mara moja, fataki iliyokwisha kazi, yaani kiwashio cha baruti, hutolewa katika ganda moja, mpya huingizwa katika jingine, baruti humiminika katika la tatu, marisau katika la nne, na ganda la tano hukunjwa mdomo. Sahani inazunguka, ka-cha, na risasi moja iliyokamilika inadondoka kwenye kikapu.

Leo Selpha anauvuta mkono polepole kuliko kawaida, na ana haki. Rajiv, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Thika na mrithi wa mashine hii, amesema neno lake mbele ya wanachama wote: ikitoka risasi bubu moja tu tena, yaani isiyolia ikifyatuliwa, mashine itakatwakatwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Selpha naye atabaki nyumbani kwake Mwiki, Ruiru, bila kazi. Mshahara wake wa shilingi elfu ishirini na mbili ndio unaomsomesha bintiye, Cindy, chuoni.

"Nani ataniandika kazi na umri huu?" anauliza. "Na nimwambie najua nini? Kujaza risasi? Si atakimbia!"

Anacheka peke yake, halafu anaacha ghafla. Katika chumba hiki kicheko hakikai.

Selpha alitoka Ugenya akiwa msichana na kuja Thika kutafuta riziki. Kazi yake ya kwanza klabuni ilikuwa kufagia na kuokota maganda. Aliyempandisha cheo ni Manubhai, babake Rajiv, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Alimwona akiyachambua maganda kwa kuyapuliza mdomoni kama filimbi, akitupa yaliyopasuka. Mzee akamwita ndani.

"Aliniambia, 'Selpha, hii mashine haipendi haraka. Wewe haina haraka. Keti,'" anakumbuka. "Nikaketi. Mpaka leo nimeketi."

Manubhai alifariki miaka miwili iliyopita, akiwa kwenye kiti hicho hicho. Selpha ndiye aliyemkuta asubuhi, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu ndani ya chuma, vidole vyake vimeukamata mkono wa mashine. Ilibidi kuvifungua kimoja kimoja.

Tangu hapo, Kaleli, mlinzi wa lango na mtu asiyejua kutia chumvi, anasema huisikia mashine ikifanya kazi mlango ukiwa umefungwa. Ka-cha. Kimya kirefu. Ka-cha.

"Mimi siendi kuangalia," Kaleli anasema. "Nimeajiriwa kulinda watu wasiingie. Kama mtu iko ndani tayari, hiyo si kazi yangu."

Kisha zikaanza risasi bubu. Zilitoka asubuhi za baridi tu, zile za Julai ambazo Manubhai alizichukia kuliko kitu chochote. Jua likitoka, mashine ilikuwa malaika. Ukungu ukishuka, risasi moja kati ya nyingi ilitoka na baruti pungufu, na hapakuwa na namna ya kuitambua kwa macho. Mizani haikusaidia, kwani marisau ni mazito na baruti ni nyepesi mno. Selpha alibadilisha springi za vituo, akakaza nati, akasafisha chupa ya baruti, akapasua risasi kadhaa kuzichunguza. Alizozipasua zote zilikuwa nzima.

Hatari ya risasi bubu si ukimya wake. Baruti ikiwa haba, kizibo kinachokaa nyuma ya marisau hukwama katikati ya mtutu. Mpigaji asiyejua akitia risasi nyingine na kufyatua, mtutu hupasuka karibu na uso wake.

Ndivyo ilivyokaribia kuwa kwa Simran, msichana wa miaka kumi na tisa na mlengaji bora wa klabu. Asubuhi moja ya Julai bunduki yake ilitoa mlio mdogo, pfu, kama mtu anayezima mshumaa. Simran alidhani amekosa shabaha tu. Akafungua bunduki, akatia risasi nyingine, akaipandisha begani.

Selpha alisikia ile pfu akiwa mlangoni. Hakumbuki alikimbiaje. "Nilipiga kelele, 'Simran, weka chini!' Na kuari yote ikarudia, 'weka chini, weka chini.' Lakini ile sauti ya mwisho haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwanamume."

Simran aliiweka chini. Kizibo kilipatikana ndani ya mtutu.

Anayeamini kuliko wote kwamba Manubhai hajaondoka ni mjane wake, Surekha, mwenye miaka sabini na minne. Kwa miaka miwili amekuwa akiletwa na dereva alasiri, anaketi kando ya mashine na kuzungumza nayo Kigujarati kwa sauti ya chini. Huiletea chai. Kikombe kikipoa anakirudisha nyumbani.

"Yeye nakataa mtu mwingine tumia mashine yake," alimwambia Selpha baada ya mkasa wa Simran. Hakuonekana mwenye hofu. Alionekana mwenye furaha.

Rajiv hapendi habari hizo. Husema ni upuuzi mtupu, ingawa yeye mwenyewe haingii katika chumba hicho; maagizo yake yote huyatolea dirishani.

Sasa, kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, huja sikukuu ya Dasara, ambapo familia nyingi za Kihindu hubariki vifaa vyao vya kazi. Enzi za uhai wake, siku hiyo Manubhai aliisafisha mashine, akaziacha chupa zake tupu na bila vifuniko ili, kama alivyosema, chuma kipumzike. Surekha akaja na sinia la maua, uzi mwekundu, unga mwekundu wa kupaka na mchele. Akaiombea. Selpha, ambaye ni mlokole wa kutajika huko Mwiki, alitoka nje kila mwaka na kusimama ukingoni mwa uwanja mpaka aitwe. Hakuna aliyemwambia atoke. Aliona ndiyo adabu, na mzee na mkewe wakaona kumwita ndani katikati ya maombi kungekuwa kumkosea.

Baada ya maombi Manubhai aliufunga mlango, na kesho yake aliingia peke yake kwanza, kwa muda mrefu. Selpha alidhani hiyo nayo ni sehemu ya dini.

Dasara ya mwaka huu, chupa zikiwa zimeachwa wazi kama desturi, Surekha alikuja akichechemea. Nyonga ilikuwa imemkataa. Alijaribu kushika sinia kwa mkono mmoja na meza kwa mwingine, akashindwa. Akamtazama Selpha, ambaye tayari alikuwa amefika mlangoni.

"Selpha, tafadhali. Shika tu."

"Nilisali haraka haraka moyoni," Selpha anasema. "Nikasema, Mungu, hili ni sinia tu. Nikashika."

Kwa mara ya kwanza akaona. Surekha alipaka unga uliolowana kwenye paji la mashine, akafunga uzi, kisha akachota mchele kwa vidole hivyo hivyo vyekundu na kuurusha juu ya chuma, akinong'ona jina la mumewe. Chumba kilikuwa kimya mno. Selpha anasema katikati ya kunong'ona kule mashine ilijibu.

Tik. Kitambo kidogo. Tik, tik.

Surekha alifumba macho, machozi yakimtoka. "Umesikia?" aliuliza.

Selpha alikuwa amesikia. Lakini miaka ishirini ya kuketi kwenye kiti kile iliyafundisha masikio yake, na sauti ile aliijua. Ilikuwa ya kitu kigumu na chepesi kikiteremka katika mrija wa shaba unaopitisha baruti.

Mjane alipoondoka, Selpha aliufungua mrija wenyewe, ambao hakuwahi kuufungua kwa sababu Manubhai alimwambia huo ni wa kwake kuushughulikia. Ndani, mahali jicho lisipofika, punje za mchele zilizopenya kupitia chupa iliyo wazi zilikuwa zimeganda ukutani kwa unga mwekundu, za mwaka huu juu ya zile za mwaka jana. Siku za jua punje hizo zilikauka na kujikunja. Siku za ukungu zilivimba, na baruti ikakwama nyuma yake.

"Hapo ndipo nilielewa mzee alikuwa akifanya nini kila kesho yake ya Dasara," anasema. "Alikuwa anatoa mchele wa mkewe. Na hakuwahi kumwambia, asije akajisikia vibaya."

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Watu watatu walistahiana miaka na miaka, kila mmoja akimlinda mwenzake asione haya, na heshima yao nusura imtoboe msichana macho.

Selpha aliusafisha mrija kwa brashi na kuukausha. Angeweza kuishia hapo. Angefanya kama Manubhai: kusafisha kimya kimya kila mwaka, kazi yake ikapona, na mjane akabaki na mumewe. Alilala na wazo hilo siku kadhaa, na anakiri kwamba lilikuwa tamu.

"Lakini siri ya mzee ilikuwa nzuri mpaka alipokufa nayo," anasema. "Mimi nikiugua siku moja, nani atajua? Mtoto wa nani atashika hiyo bunduki?"

Saa nne asubuhi ya leo, ukungu ungalipo, Selpha anabeba kikapu mpaka uwanjani. Wanachama wamesimama mbali kuliko kawaida. Rajiv amekunja mikono. Surekha ameketishwa kwenye kiti chini ya mwavuli.

Simran anachukua risasi ya kwanza, anaigeuzageuza. "Auntie, uko sure?"

"Niko sure, mwanangu. Na bado naomba."

Kisahani kinaruka. Mlio unapasua ukungu na kisahani kinageuka vumbi. Kuari inarudisha mlio huo, safi, mara mbili. Kinaruka kingine. Na kingine. Simran anapiga mpaka kikapu kinabaki kitupu, na hakuna risasi hata moja iliyonyamaza. Watu wanapiga makofi. Rajiv anamshika Selpha bega, anasema, "Haya, Mama Cindy. Mashine inabaki," na hiyo kwake ni hotuba ndefu.

Surekha peke yake hapigi makofi. Kila mlio umemfanya azidi kunywea kitini.

Selpha anamwendea, anachuchumaa mbele yake na kumweleza yote: mrija, mchele, ukungu, na zile asubuhi za mzee baada ya Dasara. Anazungumza polepole, akimshika mikono.

"Hakuniambia," mjane anasema. "Miaka yote hiyo yeye nasafisha tu?"

"Alikupenda, mama."

Surekha anautazama mlango wa chuma. Kisha anauliza, kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni, "Sasa yeye iko wapi?"

Selpha anamwambia kwamba hajui, ila si ndani ya mashine. Machozi yanamshuka, na hayafuti.

Ndipo mjane anapomwambia jambo ambalo hata majirani hawalijui. Majivu ya Manubhai hayakuwahi kumwagwa mtoni. Rajiv alimsihi sana, lakini yeye alikataa, kwani utamwagaje majivu ya mtu ambaye bado yuko kazini? Kwa miaka miwili yamekaa katika chungu cha shaba kabatini mwake, kando ya masweta ya mzee.

"Kesho tutapeleka yeye," anasema. "Chania. Mguu yangu mbaya, Rajiv nashika mimi. Wewe nabeba yeye."

Hivi sasa matumaini ya Selpha ni machache na mepesi kueleza: Cindy amalize chuo, mashine iendelee kulia, na kesho mvua isinyeshe, kwa sababu ukingo wa Mto Chania huteleza na hataki kumwangusha mzee. Ibada ya Mwiki huanza saa tatu na yeye ndiye huongoza maombi ya akina mama. Hajawahi kukosa.

"Pasta akiniuliza nilikuwa wapi," anasema huku akifunga kufuli, "nitamwambia nilikuwa mazishini."