Kamba Aliyoipokea Mwalimu Eseza

Si kweli kwamba maiti ya Gorreti ilikaa siku nne ikigombewa juani. Ilikaa siku mbili, ndani, katika chumba cha mbele, madirisha yakiwa wazi, na hakuna aliyegombana. Si kweli kwamba Selpher alifukuzwa kwa mawe. Alilala pale kama waombolezaji wengine, akanywa uji kama wengine, na alipoondoka aliondoka kwa miguu yake. Na wale wa sokoni Mbale wanaosema Mwalimu Eseza alimla fahali na kumuuza bintiye kwa mwanamke mwenziwe, wafahamu kwamba fahali yule hakuliwa. Alikufa kwa ugonjwa wa kupe mwaka mmoja baada ya kuletwa, akafukiwa shimoni, kwa kuwa daktari wa mifugo alikataza nyama yake.

Yaliyotokea ni haya.

Eseza ni Msoga wa karibu na Jinja. Alisomeshwa na masista, akafundisha, akaolewa na Nicanor, Mgisu, karani wa chama cha kahawa, naye akamfuata Mbale akiwa na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa. Hakuna mzazi aliyewahi kumkuta na chaki kwenye gauni, wala jirani aliyewahi kusikia sauti yake ikivuka ua. Nicanor alipokuwa hai, watu walisema nyumba ile, chini ya mlima Wanale, ilikuwa haina mlango wa uani, kwa maana kwamba hakuna kilichoingia kwa kujificha.

Gorreti alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alikuwa mkimya, mrefu, na mkaidi kama baba yake. Alipomaliza shule alikwenda Jinja kwa wajomba zake, akajifunza kushona, kisha akapanga chumba Mafubira, akawa anashona sare za wanafunzi na gomesi, yale magauni marefu ya wanawake. Huko ndiko alikojuana na Selpher, Mkenya wa upande wa Busia, aliyekuwa akinunua samaki wa moshi pale Masese, ufukweni mwa ziwa, na kuwavusha mpaka. Gorreti mwenyewe ndiye aliyemsimulia mama yake. Selpher alikuja kushonewa gomesi. Akarudi kulalamika kwamba mabega yamembana. Akarudi tena, safari hii bila gomesi.

Wanaume walikuja kumposa Gorreti, tena watu wa maana. Mmoja alikuwa mwalimu wa hesabu. Gorreti aliwapokea kwa heshima, akawapa chai, akawasindikiza hadi barabarani. Miaka ikapita. Eseza hakuuliza. Alijua kwamba swali likishaulizwa lazima lijibiwe.

Desemba ya mwaka tisini na moja, Gorreti alifika Mbale peke yake, siku moja kabla ya Selpher. Akamkuta mama yake jikoni akiosha malewa, yale machipukizi ya mwanzi ambayo Nicanor alikuwa haoni Krismasi bila hayo.

"Mama," alisema, "kesho Selpher atakuja na ng'ombe."

"Wa nini?"

"Wewe unajua mila za hapa kunishinda. Mkitaka abaki mgeni, mwacheni amfunge mwenyewe. Mkitaka awe wangu, pokea kamba."

Katika ukoo wa Nicanor mambo yalikuwa hivyo. Ng'ombe wa zawadi hufungwa kwenye kigingi na yule aliyemleta. Ng'ombe wa mahari hafungwi na mleta. Kamba yake hupokewa mkononi na mama wa binti, na ikishapokewa, binti ana kwao kwingine, siku ya kuishi na siku ya kuzikwa. Eseza alikuwa ameishi katika ukoo ule kwa zaidi ya robo karne. Alikuwa ameziona kamba nyingi zikipokewa.

Aliendelea kuosha malewa mpaka maji yakawa meupe.

Kesho yake Selpher alishuka kutoka kwenye pikapu akiwa amevaa koti la kiume juu ya gauni, viatu vimepigwa rangi. Fahali alikuwa mweusi mwenye baka kifuani. Wageni wengine walikuwa nyuma ya nyumba wakihangaika na sufuria. Uani walikuwa wanne tu. Selpher alimwamkia Nicanor kwa kupiga magoti, kisha akasimama, akanyoosha mkono wenye kamba. Kigingi kilikuwa pale pale, hatua tatu.

Nicanor alimtazama mkewe. "Mwalimu," alisema, "wewe ndiye mama."

Eseza akaipokea ile kamba.

Hakuna aliyelipa jambo hilo jina. Wakala, wakacheka, Nicanor akamtania Selpher kwamba samaki wa Masese ni wembamba kwa sababu ya kuvuka mipaka mingi. Naye Selpher akamwambia, "Baba, wanakondeshwa na askari wa forodha." Jioni walikwenda zao. Miaka miwili baadaye Nicanor alifariki kwa shinikizo la damu, na Selpher alikuja kwenye mazishi akachota maji siku tatu mfululizo, bila kuambiwa.

Mei ya mwaka tisini na sita Gorreti alivimba tumbo. Selpher alimuuguza miezi mitano, akauza mizani na baiskeli mbili, hata hivyo akamkosa. Angeweza kumzika kimya kimya Mafubira, kwenye kiwanja walichonunua pamoja. Badala yake alikodi gari, akaileta maiti Mbale, akaiingiza ndani kwa mlango wa mbele, akasema kwamba mtu hamziki mwenziwe bila kuwaaga waliomzaa.

Asubuhi ya siku ya pili watu wa ukoo waliketi chini ya turubai. Aliyeongoza ni Cleophas, mdogo wake Nicanor, askari jela mstaafu ambaye kila mtu humwita afande, na ambaye huendesha mikutano yote kwa Kiswahili, hata ya familia, kwa kuwa ndicho alichozoea kuamrishia. Siku ile Kiswahili kilifaa, kwa kuwa mgeni alikuwa Mkenya.

Selpher alisimama. "Sikuja kuiba, nimekuja kuomba," alisema. "Gorreti ni mtu wangu. Tumekaa miaka kumi na mmoja. Nilileta ng'ombe hapa, mama alipokea kamba. Naomba nimrudishe nyumbani nikamzike."

Haikusikika kelele. Walioandika katika vichwa vyao kwamba palikuwa na matusi walikuwa mbali. Romano, katekista, ndiye aliyeomba nafasi ya kwanza, na aliomba kwa adabu.

"Dada Selpher, hakuna hapa anayekataa kwamba ulimtunza. Wengi wetu tuna ndugu waliotelekezwa wakiwa wagonjwa. Lakini ndoa ni kitu kilichowekwa. Ni mume na mke mbele ya Mungu. Tukiitanua kila tunapomwonea mtu huruma, itabaki kuwa nini?"

"Romano," alisema Cleophas, "mimi nimekaa na mke wangu miaka thelathini, na altare yako sijaikanyaga. Sina ndoa?"

"Afande, yako ni pungufu. Inaweza kurekebishwa."

"Mke wangu akisikia kwamba ni pungufu, utarekebishwa wewe."

Watu walicheka kidogo, kisha wakakumbuka walipo. Docus, dada yake Nicanor, aliyemshikisha Gorreti sindano ya kwanza, alisema, "Mimi nauliza tu. Kwetu ndoa haijawahi kuwa cheti. Ni ng'ombe, ni kamba, na watu kujuana. Kama ng'ombe alikuja na kamba ikapokewa, tunasema nini? Kwamba ng'ombe wa mwanamke si ng'ombe?"

"Tunasema kwamba waliotunga mila hawakuwaza jambo hili, shangazi," alijibu Romano. "Mila ina maneno yake na ina maana yake. Huwezi kuchukua maneno ukaiacha maana."

"Na nani aliyebaki wa kutuambia maana?"

Hapo Cleophas alimgeukia Selpher, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfungulia mfungwa lango. "Binti yangu, kule kwenu Kenya nimewahi kusikia makabila ambayo mwanamke asiye na mtoto anaweza kuoa mwanamke, ili nyumba yake isikose jina. Wazee wanalikubali. Kama jambo lenu lilikuwa la namna hiyo, sema. Hapo tutakuwa na pa kuanzia."

Kila mtu aliona kwamba mlango umefunguliwa.

"Asante, afande," alisema Selpher. "Hiyo si mila ya kwetu, na hata ingekuwa, mimi sikutafuta mtoto wala jina. Nilimtaka yeye. Nikisema vingine nitakuwa nadanganya, na yeye amelala hapo ndani."

Romano alitazama chini. Alisema, bila ukali wowote, "Mungu akupe nguvu, dada. Lakini hilo siwezi kuliita ndoa." Selpher akamjibu, "Najua, katekista. Sikukuomba wewe uliite."

Basi likabaki neno la Eseza. Nicanor hayupo, Gorreti hayupo. Aliyeona ni yeye tu na yule aliyeleta. Na ukoo ule una mahali pawili pa kumzika mwanamke mzima: kwa mumewe, au, kama hakuolewa, nyuma ya nyumba ya baba yake, ukingoni mwa migomba, bila hotuba. Hakuna mahali pa tatu. Eseza alikuwa amelijua hilo usiku kucha. Akisema hili, bintiye atapelekwa Mafubira kama mke, na Mbale nzima itajua ni mke wa nani. Akisema lile, atamlaza ukingoni, pale wanapolazwa wale ambao hakuna aliyewataka.

"Shemeji," alisema Cleophas, "fahali yule alifungwa na mgeni, au kamba uliipokea?"

"Niliipokea."

Upepo ulilitikisa turubai. Docus alifunika mdomo. Cleophas alisogeza kiti karibu, akapunguza sauti, ingawa wote walisikia.

"Shemeji, wewe ni Msoga. Ulilelewa na masista. Mtu anaweza kupokea kamba kwa ukarimu tu, mgeni asisimame kama mlingoti. Hilo ni kosa, si neno la ndoa. Sasa niambie. Ulipoipokea, ulijua maana yake?"

Alikuwa akimpa njia, jinsi alivyompa Selpher. Ilikuwa njia nzuri. Ilitosha aseme kwamba mwalimu mkuu wa miaka kumi na tisa, aliyewafundisha watoto wa ukoo huo huo desturi zao katika darasa la nne, hakujua maana ya kamba. Au aseme alijua. Ni neno moja tu kwa kila upande. Selpher alikuwa akimtazama, hakumsihi, alimtazama tu. Eseza alifungua mdomo. Aliyaona majina yote mawili, la nyumba ya Nicanor na la Gorreti, na kila alipojaribu kulishika moja lingine lilianguka.

"Nimeshajibu," alisema.

"Umejibu la kwanza, shemeji."

"Basi nimejibu."

Walimsubiri. Mwishowe Cleophas alisema, polepole, kwamba asiyesema alijua, hakujua. Kwamba kamba ilipokelewa kwa ukarimu. Na kwamba Gorreti ni binti wa nyumba hii, atazikwa hapa. Romano alijikuna kidevu. Docus aliinuka akaingia ndani kwa maiti.

Eseza aliomba jambo moja tu, kwamba bintiye alazwe kando ya baba yake. Cleophas alimshika mkono. "Shemeji, ningeweza ningekupa. Hilo nalo lina mila yake." Naye Eseza, ambaye hajawahi kumwomba mtu kitu mara mbili, aliomba mara mbili. Alasiri Gorreti alizikwa ukingoni mwa migomba. Romano alisali sala ndefu kuliko desturi inavyoruhusu, na hakuna aliyemkataza. Selpher alitupa udongo wake akiwa wa mwisho, baada ya majirani.

Kesho yake asubuhi alikuja jikoni kuaga, koti mkononi.

"Mama," alisema, "wamekwenda wote. Sitamwambia mtu, wala sitarudi kudai kitu. Niambie mimi peke yangu. Ulijua?"

Eseza alikuwa akipanga vikombe vya msiba, vya kwake upande huu na vya kuazima upande ule. Alivipanga mpaka vikaisha.

"Gari la Jinja linaondoka saa tatu," alisema. "Usichelewe, mwanangu."

Selpher akavaa koti lake akashuka njia ya barabarani. Tangu siku hiyo wameuliza wengine. Docus ameuliza akilia. Padri ameuliza kwenye kitubio. Wa sokoni hawaulizi, wao hujijibu wenyewe. Wote hao, na atakayekuja baada yao, jibu ni lile lile walilopewa chini ya turubai. Kamba aliipokea. La pili Mwalimu Eseza halijibu, na asiulizwe tena.