Paneli Yangu ya Kwanza

Karakana yetu ya umeme ya Biharwe ina sheria moja: aliyefunga nyaya za paneli, lile sanduku la kuwashia mota, haiwashi yeye. Mwalimu anakuja, anafuata kila waya kwa kidole, kisha anabonyeza kitufe mwenyewe. Ikiwaka, kuanzia siku hiyo unaitwa fundi. Isipowaka, unarudi kuwashikia wenzako tochi.

Jamani, nilivyolitaka jina hilo! Nilitoka Rubondo, huko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako mama analima mahindi na kunisalia rozari, na pale karakanani mwanamke nilikuwa peke yangu. Mwalimu wangu alikuwa mwanajeshi mstaafu, zamani fundi umeme wa kambi ya jeshi ya Mbarara, mkali kama pilipili. "Wewe Murundi," alizoea kuniambia, "mashine haijui kusamehe mutu." Nami sina ulimi wa kunyamaza, nikamjibu, "Hata wewe Mzee hujui." Alicheka mpaka akakohoa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa na sumaku. Unabonyeza kitufe cha kijani, sumaku inavuta, tak! Mota inazunguka. Unaachia kidole, na bado inazunguka, kwa sababu kontakta inajipa umeme yenyewe kupitia njia ndogo ya pembeni. Siku nilipoielewa njia hiyo niliruka juu kwa furaha. Alinikemea, lakini nilimwona akitabasamu.

Paneli yangu ya kwanza ilikuwa ya pampu ya mkulima mmoja wa Ngarama. Nilikuwa nimebakiza nyaya chache, habari ikaja: Mzee amepigwa na kiharusi. Bosi akasema ataiwasha yeye, mteja asingoje. Nikakataa. Haki ya Mungu, nilikataa mpaka nikapiga meza, maana nyaya zile nilimfungia Mzee, na nilitaka azione angali hai.

Nikaimalizia, nikaipakia kwenye boda pamoja na betri mbili za pikipiki, kwa kuwa upande wa vitufe unatumia umeme mdogo tu. Nyumbani kwake, nyuma ya kambi ya jeshi, mke wake alinipokea mlangoni. "Karibu, mwanangu. Ila usishangae. Siku zingine hata mimi hanijui."

Alikuwa ameketi kitini, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Nikamsalimu. Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni. Nikaiweka paneli mbele yake, nikaunganisha betri.

Kidole chake cha kushoto kikaanza kutembea. Kilifuata waya wa kwanza, kikarudi, kikafuata wa pili. Kwenye ile njia ndogo ya pembeni kikasimama, naye akaguna. Tulingoja mimi na mke wake. Mwishowe akabonyeza. Tak! Taa ya kijani ikawaka, akaondoa kidole, ikabaki inawaka.

"Huyu ni fundi," alisema, ulimi ukiwa mzito. "Nani alifunga hii?"

"Ni mimi, Mzee."

Akatikisa kichwa, akamgeukia mke wake. "Yule fundi, mumulete hapa. Nataka kumuona."

Mke wake akajifunika uso kwa leso. Mimi nikatoka nje, nikalia pale ukutani, nikajifuta kwa kanga. Halafu nikarudi mlangoni, nikapiga hodi.