Upindo kwenye Boksi la Nafaka

Mume wangu haogopi watu, isipokuwa wawili: mkaguzi wa vyakula na mama yangu. Mtaani wanamwita Bwana Maboksi, kwa sababu huu ni mwaka wa saba anaingiza nafaka za pakiti kutoka kwetu. Ni vipande vya mahindi na karanga vilivyookwa. Unamimina maziwa, unakula, unakwenda kazini. Kwetu hazimshangazi mtu. Huku ugenini kila boksi lazima lijieleze kwa lugha ya wenyeji: lina nini ndani, limetoka wapi, nani kaliingiza. Kuna mtu analipwa mshahara kupima herufi kwa rula. Sitanii, nimemwona.

Mara ya kwanza tulikataliwa kwa sababu lebo hazikuwa na lugha ya wenyeji. Mara ya pili lugha ilikuwepo, ila karatasi zilibanduka pembeni kwa unyevu wa ghala. Mkaguzi aliivuta moja kwa kidole, ikamfuata. Tukaambiwa kosa la tatu ni la mwisho: kibali kinafutwa na mzigo unateketezwa. Kibali hicho ndicho jibu la mume wangu kwa kila anayemuuliza alikuja kufanya nini huku. Alikonda mpaka mkanda ukadai tundu jipya.

Hapo Mama akajitolea. Alikuja kututembelea kwa mwezi mmoja, na sasa tuko mwaka wa tatu. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na nusu ya watoto wa mji wetu walivaa sare zake. Nafaka zetu aliziita chakula cha kuku na hakuwahi kuzionja. Mume wangu naye, Mama alimwita "huyo mume wako", hata akiwa amekaa mbele yake.

"Kitu kisichopindwa lazima kifumuke," aliniambia. "Mwambie huyo mume wako aniachie kazi hiyo."

"Ahsante, Mama," mume wangu akasema. Kwa Mama hana neno jingine.

Basi wiki nzima Mama alishinda ghalani, nyuma ya duka la matairi, na pasi yake, bakuli la gundi, na tepu ya kupimia shingoni. Maboksi elfu moja na mia mbili. Lebo zilinyooka kama mifuko ya shati jipya. Siku ya mwisho nilimkuta mume wangu ameshika boksi, analigeuza huku na huku.

"Vipi?"

"Lebo naiona fupi."

"Muulize Mama."

"Mimi nimkague mama mkwe? Muulize wewe."

"Mimi nimelelewa na yule. Navijua viboko vyake kwa majina."

Akalirudisha boksi mahali pake. Heshima si utumwa, wanasema, lakini siku ile ilikaribia sana.

Kesho yake saa nne asubuhi mkaguzi akafika, mwembamba, mpole, rula mfukoni. Alichagua maboksi kumi. Akasoma la kwanza, akasoma la pili, akayapanga yote kumi mezani. Kisha akatoa fomu nyekundu.

"Mstari wa mwisho haupo," aliniambia mimi, maana lugha ya wenyeji naimudu kuliko mume wangu. "Onyo la karanga limo kwenye mstari huo. Mtu asiyepatana na karanga akila hii anaweza kufa."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma: sikuwa na wa kumkasirikia. Mume wangu aliketi juu ya katoni, ikabonyea, hakujali.

"Anasema nini huyo?" Mama akauliza kutoka kwenye kigoda chake.

"Kuna mstari umepotea, Mama. Wa chini kabisa."

"Haujapotea. Nimeupinda."

"Umeupinda?"

"Sasa upindo ungetoka wapi, kama si kwenye kitambaa chenyewe?"

Mama hasomi lugha ya wenyeji, na zile herufi ndogo kwake zilikuwa mapambo. Kila lebo alikuwa ameikunja kwa ndani upana wa kidole, akaipiga pasi, akaibandika.

"Na mwambie suruali yake imefumuka mguu wa kulia."

"Mama anakusalimu," nikamwambia mkaguzi.

"Mama," mume wangu akasema polepole, "mimi nimekwisha."

Mama akanigeukia mimi. "Amekwishaje? Fundi gani anashona upindo moja kwa moja kabla mwenye nguo hajaijaribu?"

Akainuka, akamnyang'anya mkaguzi boksi, akapitisha ukucha chini ya lebo. Mstari ukashuka mzima, safi. Gundi ilikuwa imeishia juu ya mkunjo.

"Ikiwa fupi unateremsha, kisha unamalizia. Mfasirie hilo."

Nikamfasiria. Mkaguzi akaupima mstari kwa rula. Akasema sheria inalitazama boksi linapotoka ghalani, kwa hiyo angerudi saa tisa. Ile fomu nyekundu aliikunja akaitia mfukoni, hakuichana.

Tukashika kazi. Mama anateremsha, mimi napaka gundi, mume wangu anakausha kwa pasi. Tulipofika kama nusu ya mzigo hivi, Mama akasita, akalisogeza boksi karibu na miwani, kidole mwishoni mwa ule mstari.

"Hili si jina lako?" Kwa mara ya kwanza alikuwa anamuuliza yeye, si mimi.

"Ndilo, Mama. Sheria inataka jina la anayeingiza."

"Kumbe wiki nzima nakukunjia ndani." Tangu hapo kila lebo ikitoka kwenye pasi aliikandamiza pale chini kwa dole gumba lake mwenyewe.

Saa tisa mkaguzi alichagua maboksi ishirini, akazikwaruza lebo moja moja. Hakuna iliyomfuata. Akagonga muhuri. Mama akashikilia nitafsiri ile habari ya suruali, na kwamba angemshonea hapo hapo. Mkaguzi akaona haya, akasema haruhusiwi kupokea kitu kwa mfanyabiashara, hata mshono. Mama akasema huyo kalelewa.

Asubuhi iliyofuata Mama alivuta boksi, akajimiminia bakuli, akatia maziwa. Mume wangu alisimama na jagi mkononi kama anasubiri matokeo ya mtihani. Mama alitafuna taratibu mpaka bakuli likabaki tupu.

"Chakula cha kuku," akasema, akamsogezea bakuli. "Niongeze, mwanangu."