Unga Ulionuka Moshi

Mama Mashine alikuwa na mdomo, na wateja walimpendea huo. Tangu mumewe afariki na kumwachia mashine ya kusaga kando ya barabara, alipiga soga kwa sauti ya kuushinda mngurumo wa mkanda, na wanawake wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini walipanga foleni moja hapo, wakitaniana mpaka zamu zao zifike. Waume zao hawakuwa na foleni ya pamoja popote. Tangu mitaa hiyo miwili igombanie mashamba ya bondeni, hata salamu zilikuwa za kusukumana.

Msimu huo, mvua zilipokaribia, foleni ilinyamaza.

“Jamani, kuna msiba sijaambiwa?” aliuliza. Mmoja akacheka, kicheko kikakatika njiani. Wote walikuwa wakitazama barabara. Mama Mashine akamwaga debe la aliyekuwa mbele, na unga ukatoka unanuka moshi.

Akachota punje kiganjani. Zilikuwa nene, zimeshika masizi. Mahindi ya namna hiyo huning'inizwa juu ya meko tangu mavuno ili wadudu wasiyaguse, yakingoja kupandwa.

“Mwenzangu, hii si mbegu?”

“Saga tu, mama.”

Aliyefuata alitoka mtaa wa pili, naye kaleta mbegu. Kufika alasiri banda zima lilinuka kama nyumba iliyoungua. Mvua zilikuwa mlangoni, na hakuna aliyeonekana ana nia ya kupanda.

Kilichomkata maini ni kumwona wifi yake, mke wa kaka yake. Hawa wawili hawakuwahi kukutana bila kurushiana maneno. Leo wifi alisimama na fuko mkononi, macho chini.

“Wifi, leo hunitukani?”

“Nisagie laini. Unga wa safari.”

“Safari ya wapi?”

“Kaka yako kasema nijiandae tu.”

Kaka yake ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama, wanaume tupu, ambao kila walipokutana walitangaza kwamba hali ni shwari. Mama Mashine akazima mashine, akajipangusa unga usoni, akawafuata ofisini kwao.

“Kaka, mkeo anasaga mbegu. Mitaa yote miwili inasaga mbegu. Nani anamkimbia nani?”

“Mama, mambo ya jikoni yana siku yake,” mjumbe mmoja akasema, wenzake wakaangua kicheko.

Kaka yake hakucheka. Alimtoa nje, akanong'ona: “Nimeambiwa wa mtaa wa chini watatuvamia siku mvua ya kwanza itakaponyesha. Nikisema humo ndani, kila mtu atakwenda kuchukua panga. Basi nimenyamaza, dada yangu. Sijui la kufanya.”

Alirudi bandani. Kwenye foleni alikuwepo shoga yake, fundi cherehani wa mtaa wa chini. Akamuuliza waziwazi, mbele ya wote.

“Mbona sisi tumeambiwa ni nyinyi mtakaokuja?” fundi akajibu taratibu. “Mvua ya kwanza.”

Wanawake wakatazamana. Maneno yale yale, siku ile ile. Ng'ambo ya barabara wanaume walikuwa wamekaa ukutani, hawazungumzi, wanatazama mawingu.

Hakuna aliyekwenda nyumbani. Foleni nzima ilihamia ofisini na mafuko yake, ikakaa sakafuni katikati ya viti vya wajumbe. Fundi akasema aliyoambiwa. Wifi akasema ya unga wa safari, mumewe akisikia. Mwingine akaeleza shimo alilochimba chini ya kitanda la kuwafichia wanawe, na hapo hakuna mjumbe aliyecheka tena. Mwenyekiti akampigia simu mkuu wa wilaya mbele ya watu wote. Wazee wa mitaa yote miwili wakaitwa, wakakalishwa chumba kimoja, wakasimuliana ule uvumi mmoja uliowazunguka wote. Wanawake nao wakakataa kunyanyuka mpaka wapewe viti vyao kwenye kamati, vya mtaa wa juu na vya mtaa wa chini sawa, na haki ya kuitisha kikao wakiona dalili mbaya.

Mvua ya kwanza ilinyesha asubuhi. Askari wa mkuu wa wilaya walisimama barabarani wameloa. Milango yote ilifungwa, na katika kila ufa wa dirisha kulikuwa na jicho. Hakuna aliyekuja.

Mbegu za msaada, za kufidia zilizosagwa, zilichelewa, mashamba mengi yakabaki matupu, na maneno yakaanza. “Mama Mashine alitutia hofu ya bure,” walisema. Naye, kwa kusikia hivyo kila uchao, akaanza nusu kuamini.

Mpaka alipokuja mpagazi mmoja wa mtaa wa chini, mtu mpole, mteja wake wa siku nyingi. Alitega fuko lake chini ya mdomo wa mashine, akasubiri wengine waondoke.

“Mama,” akasema, “siku ile ya mvua tulipangiwa tuanzie kwako.”

Mama Mashine aliitazama mikono iliyoshika fuko. Ilikuwa imetulia kabisa.

“Lishike vizuri,” hatimaye akamwambia, “unga usimwagike.” Akaiwasha mashine.