Kiungio cha Tela la Verna

Mpishi wa wakata sufu ana silaha moja tu: kuondoka. Verna Pascoe amepika katika mabanda ya kukatia kondoo sufu ng'ambo ya Mto Darling tangu mabinti zake wakiwa shuleni, na wote wanaomjua wanalijua hilo. Mtukane mchuzi wake, atazima jiko, akunje hema la tela analolala, aliunge na gari na kwenda zake. Wanaume wenye njaa watabaki wakitazama vumbi. Mimi nasema ule ni mgomo, tena wa mtu mmoja, kwa sababu mikataba ya huku huandikwa kwa ajili ya anayekata sufu, si anayemlisha.

Mwaka huu alifika bandani tela lake likikokotwa na gari la wengine. Alipokuwa akivuka korongo kavu, gari liliinama huku na tela kule, kiungio chake cha zamani kikapanuka mdomo na kuachia ule mpira wa chuma ulio nyuma ya gari. Tela likashikiliwa na minyororo tu. Bosi wetu, Col Hargreave, alivitazama vidole vya Verna vilivyovimba viungo, akacheka.

"Mwaka huu hutukimbii, Verna. Hata kopo la jamu hulifungui siku hizi."

Jumamosi Verna aliniomba nimsindikize mjini Bourke kununua kiungio kipya. Mimi nachambua sufu katika kikosi anachokipikia.

Dukani, muuzaji, Trev Moxham, aliweka juu ya kaunta kiungio cha pini, kizito kama nyundo ya fundi. "Hiki hapa. Mashimo mawili, pini moja. Hata ukivuta nyumba nzima hakiachii."

"Nani ataiingiza hiyo pini?" Verna aliuliza.

"Si mna wanaume kambini?"

"Hao ndio ninaowakimbia, Trev."

Verna alitaka kukijaribu uani kwa tela la duka, mahali penye mteremko, kwa sababu kambi zetu hazina ardhi ya sawa. Mashimo yalipishana kidogo tu, pini ikagoma. Aliipiga kwa kiganja mara mbili, kisha akauficha mkono kwapani na kugeukia ukuta.

Nilishindwa kunyamaza. "Kwa nini kila kitu dukani humu kimetengenezwa kwa ajili ya mikono ya kijana mwenye nguvu? Aliyefanya kazi hadi mikono ikaisha anunue nini?"

"Mdogo wangu, mimi nauza vyuma," Trev alisema. "Mikono sikuiumba."

Lakini alirudi ndani, akatoka na kingine. Hiki kinashushwa kutoka juu, kinakaa kwenye kijiti kilichosimama nyuma ya gari, kinajifunga chenyewe, kisha kinageuka pande zote hata korongoni. "Sikukuonyesha kwa sababu watu wanakicheka. Wanakiita cha wastaafu."

"Nipe cha wastaafu."

Kuunga kulikuwa rahisi. Kufungua ndiko kulikokuwa kugumu, wenzo wake ulikuwa mfupi. Verna akaokota kipande cha bomba chini ya benchi, akauvika wenzo ule, akasukuma kwa kiwiko. Ukafunguka.

"Na bomba nalichukua," alisema.

Alhamisi iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, Dooley, mkataji wetu hodari kuliko wote, alionja mchuzi wa kondoo akasema kwa sauti, "Huyu mbwa aliyeogeshwa humu ametoka salama?"

Vijiko vilisimama. Verna alivua aproni, akaitundika, akatoka. Tulisikia hema likikunjwa.

"Kaeni, mle chakula," Col alisema. "Mikono yake imekwisha yule. Sasa hivi atakuja kuomba msaada."

Tulisikia gari likirudi nyuma taratibu, kisha gurudumu dogo la tela likishushwa. Kisha, kli. Col akaweka uma chini. Minyororo ikaanza kulia.

Wanaume wote walimgeukia Dooley. Alichukua kofia yake, akatoka, sisi tukajazana mlangoni.

"Verna, mchuzi ulikuwa mzuri."

"Mzuri kiasi gani?"

"Sana."

"Na mbwa?"

"Hakuna mbwa, Verna. Nilikosea."

Verna alimwacha asimame juani mpaka alipomaliza kufunga mnyororo wa pili. Ndipo akachukua bomba lake, akasukuma kwa kiwiko, akalitenga tela na gari na kurudi jikoni. Col alipakuliwa wa mwisho, baada ya Dooley.