Kidonge cha Sukari Kinachonenepesha

Juzi, kwenye duka la dawa hapa Gulfton, Houston, mama mmoja wa Mombasa alimkazia macho mfamasia huku bintiye akitafsiri.

"Anasema kidonge hiki cha sukari kinaamsha protini fulani mwilini, nayo inaziamuru seli changa ziwe seli za mafuta. Hizo ndizo zitakazoivuta sukari kutoka kwenye damu."

"Daktari kanambia nipungue. Huyu anipa cha kuninenepesha?"

"Kidogo tu, Mama."

"Na nisipokimeza?"

"Macho yatazidi kuingia giza."

Akakimeza palepale, bila maji. "Basi nipeleke nikanunue kitambaa. Madera yote nishayapunguza."

Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeandikiwa kidonge hichohicho. Nakimeza kila siku, na bado sijui daktari ananitaka mnene au mwembamba.