Namba Alizokosea Eugen

Katika idara yetu ya sauti ya kampuni ya magari pale Ulm, Ujerumani, Irmela Denzel alikuwa na kazi ambayo wengi hatukuitaka: kukaa kiti cha abiria siku nzima, kompyuta ya kurekodi mapajani, hedifoni masikioni, akimsikiliza dereva akitamka namba alizokariri. Ilikuwa mwaka 2001. Tulitaka mtu aweze kupiga simu kwa kusema tu, gari likiwa mbioni, lakini kelele za matairi na upepo zilimeza maneno. Basi tukapanga maikrofoni nne mstari mmoja juu ya kioo cha ndani, na kompyuta ikazilinganisha ili sauti itokayo upande wa dereva ipande, nyingine zififie.

Dereva alikuwa Eugen Mauthe, mtu wa utani, aliyeendesha magari ya majaribio tangu ujana wake.

Jumatano moja ya Novemba walishika barabara kuu kuelekea Merklingen, mvua ikipiga, mshale wa mwendo kwenye kilomita mia moja na arobaini kwa saa.

"Dada, leo hata mkate sijala," alisema Eugen. "Umenikimbiza kama mwizi."

"Taja namba, acha kulialia."

Akaanza. Nje ya hedifoni ilikuwa ngurumo tupu. Ndani yake Irmela alimsikia kana kwamba wameketi jikoni. Ndiyo maana alisikia ulimi ukiwa mzito. "Nne" ikaburutwa. "Saba" ikaja mara tatu. Kisha Eugen akacheka peke yake.

Irmela akamtazama. Jasho lilimtiririka shingoni, na gari lilikuwa likivutwa taratibu kuelekea lori la upande wa kulia.

"Eugen! Ondoa mguu kwenye mafuta!"

"Nani... nani kakwambia nimechoka?"

Mguu haukuondoka. Irmela alishika usukani kwa mkono wa kushoto, akaipiga gia hadi ikatoka. Injini ikalia kama mnyama. Kompyuta ilianguka miguuni. Akawasha taa za tahadhari, akaliacha lori lipite huku likipiga honi, akaliongoza gari hadi ukingoni na kuvuta handbreki kidogokidogo, mpaka likasimama.

Akapekua mifuko ya Eugen kutafuta dawa, akakuta vidonge vya glukosi, vile vya kupandisha sukari mwilini. Akaelewa kwamba sukari yake imeshuka. Akamtia viwili mdomoni.

"Tafuna! Tafuna, mpumbavu wewe!"

Dakika kumi zikapita kabla hajajibu kama mtu mwenye akili zake.

"Una kisukari tangu lini?"

"Miaka sita." Akafuta uso. "Ukisema, wataninyang'anya magari. Futa hiyo rekodi, Irmela. Nakuomba."

"Sifuti. Kesho asubuhi utamwambia mkuu wa idara wewe mwenyewe. Usipomwambia, nitamsikilizisha rekodi."

Usiku ule Irmela hakulala. Alituambia baadaye kwamba alijiona msaliti, na kwamba kila akifumba macho aliliona lile lori.

Saa mbili asubuhi Eugen aliingia kwa mkuu na kufunga mlango. Alipotoka hakuwa dereva tena. Akapewa kazi karakana, kufunga maikrofoni kwenye magari, na hadi Februari hakumsemesha Irmela neno.

Siku moja akaja na vikombe viwili vya kahawa, kimoja akakiweka mezani kwa Irmela.

"Nilikuchukia, ujue."

"Nilijua."

"Bado nakuchukia kidogo."

"Haya, kaa," alisema Irmela, akimsogezea kiti.